Ugomvi Uliomtangulia Kijakazi

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria akitaka mhusika atakayeona kila kitu, humweka msichana wa kazi. Ndiye anayeingiza chai wanaume wakizungumza siasa, anayefua shuka za bwana, anayejua mama mwenye nyumba alilia usiku gani na kwa sababu gani. Ndiyo maana kijakazi hakosekani katika fasihi yetu, pwani na bara. Lakini mara nyingi ugomvi wake huandikwa kwa wepesi: bibi mkali, sahani iliyovunjika, kofi, bwana anayegonga mlango usiku. Mambo hayo yalitokea na bado yanatokea. Ninachodai ni kwamba ugomvi mkubwa wa msichana huyo huwa umeanza kabla hajafika mlangoni na kifurushi chake. Mwandishi asiyeujua huishia kutupa mtu mmoja mwovu, na zama nzima zikaponyoka.

Tuanzie Unguja, ambako mambo haya yana sheria na tarehe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria visiwani, lakini masuria wakaachwa kando hadi 1909. Itafakari miaka hiyo 12. Mtumwa wa shamba la karafuu aliweza kwenda kudai uhuru wake. Suria aliyetaka uhuru wake alitakiwa kwanza athibitishe kwamba anatendewa ukatili. Kazi ya shambani ilihesabiwa kuwa kazi. Ya ndani ilihesabiwa kuwa jambo la nyumba ya mtu, na mpaka huo uliochorwa na serikali ndio kijakazi wa Afrika Mashariki ameishi nao tangu hapo.

Shafi Adam Shafi aliuelewa mpaka huo. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, anatupeleka katika nyumba ya mwinyi mwenye mashamba, siku za kuelekea Mapinduzi ya Januari 1964. Mtumishi wake, aliyepewa jina la Kijakazi, anadharauliwa na kuteswa, na bado moyo wake uko kwa bwana wake. Msomaji anayetaka shujaa wa kuinua panga hukasirika naye. Mimi namwona kuwa ndiye mhusika mzito kuliko wote humo. Wengine wanapambana na Fuad aliye mbele yao. Yeye anapambana na Fuad aliyemo ndani yake, na mapinduzi yanayobadili serikali kwa usiku mmoja hayawezi kuubadili moyo wake kwa kasi hiyo.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 2021, amelikaribia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Katika Afterlives, riwaya ya mwaka 2020 kuhusu utawala wa Wajerumani na vita vilivyofuata, kuna msichana anayeitwa Afiya. Analelewa na watu wanaojiita mjomba na shangazi, na kwao yeye ni mtumishi. Kaka yake Ilyas anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika, kisha anamrudisha kijijini na kwenda zake kujiunga na jeshi la Wajerumani. Yule mjomba akigundua kwamba msichana anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono.

Hapo ndipo ninapomvulia Gurnah kofia. Kosa la Afiya si uvivu wala wizi wa sukari. Kosa lake ni kalamu, na mkono unaovunjwa ni mkono ulioishika. Kisa kimoja cha nyumbani kimebeba hofu ya jamii nzima iliyoona elimu ikiingia na haikujua itamfanya nini mtumishi. Wala Gurnah hamwachi mjomba awe ndiye mkosaji pekee. Ilyas alimpenda dada yake kwa dhati, na mapenzi yake kwa Wajerumani ndiyo yaliyomrudisha kwenye kichapo.

Sasa tupande bara hadi mji mdogo wa Ziwa nchini Kenya, kwenye mashamba ya mahindi na ngano kaskazini mwa Eldoret, upande wa Soy. Hapa hapakuwa na mwinyi wala karafuu, na historia ya kijakazi ina umbo lake.

Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa, na upinzani wao dhidi ya Waingereza ukavunjwa. Miaka 3 baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walitoka Nakuru na magari ya kukokotwa na maksai, wakapanda hadi uwanda wa Uasin Gishu. Ardhi ilikatwa kwa namba. Mji ulioota kwenye shamba namba 64 wenyeji waliuita Sisibo, na baadaye ukawa Eldoret. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Ile ya mwaka 1918 ikamtaka mkazi wa shamba la mlowezi amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa na kulisha mifugo yake.

Mwandishi anayetaka kuandika riwaya ya msichana wa kazi wa Ziwa atakumbana na jambo la ajabu katika kipindi hiki. Jikoni kwa mzungu hamkuti msichana. Anamkuta mwanamume: mpishi mwenye kanzu nyeupe, boi wa mezani, na mvulana mdogo aliyeitwa toto, wa kuchanja kuni na kuchota maji. Wanawake walikuwa wachache, wengi wao mayaya wa kulea watoto. Kipande, cheti cha utambulisho wa mfanyakazi kilichoanza kutumika mwaka 1919 na 1920, kilivaliwa shingoni na wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Mwanamume aliyetoroka kazi aliacha alama za vidole na jina kwenye daftari. Msichana aliyechuma, aliyepalilia na aliyelea hakuwa na kipande, na kwa hiyo jina lake ni gumu kupatikana nyarakani.

Lakini mkono wake ulitakiwa. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu waende kufanya kazi kwa walowezi, wanawake na watoto wakiwemo pale mashamba yalipokuwa karibu na makwao. Kazi ya kulazimishwa ya wasichana ikawa miongoni mwa malalamiko yaliyompa mwanasiasa Harry Thuku sauti. Alipokamatwa mwaka 1922, umati ulikusanyika Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akawapa wanaume changamoto, na risasi zikaua watu wasiopungua 21. Riwaya yoyote ya msichana wa kazi wa nyanda za juu ingepaswa kuusikia mlio huo, hata kama yeye mwenyewe alikuwa mbali, akibembeleza mtoto wa mtu kwenye varanda ya mabati.

Uhuru ulipokuja, mashamba mengi yalinunuliwa na Waafrika, wengine peke yao, wengine kwa kampuni na vyama vya ushirika. Mzungu aliondoka, mpishi wa kanzu akazeeka. Nafasi ikashikwa na binti: wa jirani maskini, wa ukoo wa mbali, au wa kutoka magharibi, aliyeletwa na mtu anayemjua mtu. Mwajiri sasa ni mwalimu, muuguzi, karani, mwanamke anayetoka alfajiri kwa sababu naye ana kazi. Ugomvi ukabadilika. Zamani ulikuwa wa rangi na sheria. Sasa wanawake wawili wamesimama jiko moja, kila mmoja akihitaji saa za mwenzake.

Wanafunzi wa Ziwa wamewasoma wasichana hawa darasani. Marehemu Ken Walibora, aliyekulia kwa majirani zetu wa Trans Nzoia, alituandikia Imani katika Kidagaa Kimemwozea, msichana anayewalea watoto walemavu wa Mwalimu Majisifu baada ya kupoteza makao yake. Assumpta Matei, katika Chozi la Heri ya mwaka 2014, alituandikia Sauna, kijakazi anayetoroka na watoto wa mwajiri. Sauna angeweza kuachwa awe mwizi tu. Matei anaturudisha nyuma, kwa baba wa kambo aliyemdhulumu na mama aliyemtaka anyamaze, na tunaona kwamba mlango wa mwajiri haukuwa wa kwanza kumfungia.

Riwaya ya kijakazi wa nyanda zetu, inayotoka Sisibo ya maksai hadi Eldoret iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, naingoja kwa hamu. Mwandishi wake asimtafute mlowezi mwenye kiboko pekee, huyo tumeshamwona. Amfuate msichana siku ya mshahara, miaka ya sabini tuseme, baba amekuja kutoka kijijini kuchukua pesa kwa mwajiri, kama ilivyokuwa desturi, nazo zinakwenda kulipa karo ya kaka yake. Kaka huyo ni mtu mwema. Anamwandikia dada barua nzuri asizoweza kuzisoma, na mwenye kumsomea ni mama mwenye nyumba, jioni, vyombo vikishaoshwa. Siku moja barua inasema kaka amefaulu na karo imeongezeka. Mama anaisoma hadi mwisho, akijua kwamba msichana akiondoka kwenda kujifunza kusoma, yeye mwenyewe itabidi aache kazi. Na msichana anamwangalia usoni, akijaribu kujua kama yote yameandikwa kweli.