Tela la mtumbwi

Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Rumonge. Yeye alishajiandikisha akarudi nyumbani, mimi bado niko hapa Nyarugusu. Yeye na wenzake wanne wana mtumbwi wa mbao wa kuvulia ndagala. Miaka hii maji ya ziwa yamepanda na kula ufukwe, kwa hiyo upepo ukichafuka inabidi wauvute mbali juu. Wamechoka kuusukuma juu ya magogo. Wamechanga pesa, wanataka tela, na wameona moja la mitumba, magurudumu mawili, bei nafuu. Akaniuliza, "Wewe umesoma, mdogo wangu. Tulinunue?"

Mimi nafanya kazi na vijana, tela silijui. Ila historia naipenda, na kumbe ziwa letu lina historia ndefu ya boti kubebwa nchi kavu.

Mwaka 1915 pwani yetu, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, ilikuwa chini ya Wajerumani, na ng'ambo kulikuwa Kongo ya Wabelgiji. Wajerumani ndio walitawala ziwa kwa meli zao. Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou. Ndiyo, moja iliitwa Mimi! Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Mkubwa wa msafara aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, Katanga, na hapo reli ikaisha.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia ni kama kilomita 230, na katikati kuna milima ya Mitumba. Boti zikalazwa juu ya vitanda vya mbao vyenye magurudumu. Mbele wakafunga mashine mbili za mvuke. Mashine zilikuwa na nguvu, lakini nzito, na kila siku zilitaka kuni na maji. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijijini waliyabeba kichwani. Kwenye mwinuko mkali mashine peke yake haikutosha, wakaongeza ng'ombe wengi na kamba. Mamia ya Wakongo walikata miti, wakafungua njia na kutengeneza madaraja zaidi ya 100. Kazi ilianza Agosti, wakafika Sankisia mwisho wa Septemba. Baada ya hapo ikawa reli, mto Lualaba, reli tena, mpaka ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani, Kingani. Februari 1916 wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson tunamjua kwa jina. Wale mama wa maji, katika hadithi zote nilizosoma, sikukuta jina hata moja.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, nayo ilifika kwa nchi kavu. Iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikapanda reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache kwa adui. Waingereza wakaitoa majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Wengi wetu hapa kambini Liemba tunaijua kwa miguu yetu. Mei 2015 tulikuwa maelfu kwa maelfu pale Kagunga, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna, na kipindupindu kikaingia. Liemba ilitubeba mpaka Kigoma, watu kama 600 kwa safari. Sisi tulifika Kagunga usiku kwa mtumbwi wa baba. Baba aliuliza kama kuna namna ya kuuleta mtumbwi. Hakukuwa na namna. Aliuuza palepale kwa bei ya kutupa, akapanda meli na kasia moja mkononi. Kasia hilo liko mpaka leo juu ya mlango wetu.

Ndo maana swali la tela halikuwa dogo kwangu. Nilimjibu kaka hivi.

Kwanza, pimeni mtumbwi ukiwa na injini, nyavu na taa, kwa sababu hivyo ndivyo mtakavyouvuta. Pili, angalieni kitanda kuliko magurudumu. Mbao ikikaa juu ya vyuma viwili tu inapinda, maji yanaingia. Mkongo wa chini ushikwe sehemu nyingi. Tatu, magurudumu membamba yanazama mchangani, tafuteni mapana. Nne, uzito uelemee mbele kidogo, la sivyo tela litainua mkono na kumtupa mvutaji. Na mwisho, hesabuni watu. Hata wale wenye mashine za mvuke walishindwa bila watu wa kutengeneza njia.

Kaka alinyamaza kidogo. Akasema hilo la mitumba wataliacha, lina vyuma viwili tu. Watampa fundi wa pale pale atengeneze kitanda kwa kipimo cha mtumbwi wao.

Halafu akaniuliza, "Na lile kasia la baba, utakuja nalo lini?"

Hilo bado sijamjibu.