Rovu, Chumvi na Muhogo: Tezi ya Shingo katika Historia ya Kivu

0. Utangulizi

Mwaka 1902, katika jiji la London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba utumbo mwembamba, unapopokea chakula chenye asidi, humwaga katika damu kitu kinachoiamuru kongosho itoe maji yake, hata kama neva za sehemu hiyo zimekatwa. Mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuamsha au kusukuma. Kwa hiyo neno homoni lilizaliwa kutokana na uchunguzi wa tumbo. Tangu mwanzo wake, elimu ya homoni haikuweza kutengwa na chakula.

Siku hizi wauzaji wengi wa dawa huahidi "kusawazisha homoni" au "kusafisha tumbo" kwa chupa moja au kidonge kimoja, na huita njia hiyo tiba ya mwili mzima. Makala haya yanakusudia kupima ahadi ya namna hiyo kwa mfano mmoja wa historia ya Kongo: ugonjwa wa rovu katika kisiwa cha Idjwi na nchi zinazofanana nacho. Mfano huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, tezi moja ya shingo inategemea udongo, chumvi, chungu na tumbo kwa pamoja. Pili, anayetibu sehemu moja bila kuzitazama nyingine anaweza kumdhuru yule anayetaka kumponya.

1. Tezi, iodi na milima

Mbele ya koo la binadamu pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Homoni zake huongoza joto la mwili, mwendo wa moyo, kazi ya utumbo na, zaidi ya yote, ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila iodi. Iodi inapokosekana, tezi hujitahidi kukamata kidogo kinachopatikana, nayo huvimba: hilo ndilo rovu. Upungufu ukiwa mkubwa wakati wa mimba, mtoto huweza kuzaliwa na udumavu wa mwili na wa akili usioweza kuondolewa baadaye.

Historia ya ujuzi huo ni ndefu. Bernard Courtois aligundua iodi mwaka 1811 katika majivu ya mimea ya bahari. Mwaka 1820 Jean-François Coindet, tabibu wa Geneva, aliwapa iodi wagonjwa wa rovu. Baada ya muda si mrefu wengine walilalamikia madhara ya vipimo vikubwa, na dawa hiyo ikatiliwa shaka kwa miaka mingi. Ilikuwa mwaka 1922 tu ambapo chumvi yenye iodi ilianza kugawiwa kwa wananchi katika sehemu za Uswisi, na mwaka 1924 katika jimbo la Michigan, Marekani.

Uswisi na Kivu zinafanana kwa jambo moja: ni nchi za milima zilizo mbali na bahari. Mvua za miaka elfu nyingi zimeosha iodi ya udongo na kuipeleka mitoni. Mimea inayoota hapo haina iodi ya kutosha, na mtu anayekula mazao ya shamba lake peke yake huurithi umaskini wa udongo huo.

2. Kisiwa cha Idjwi na swali lake

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, mwaka 1947, iliundwa taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi cha IRSAC, nayo ilikuwa na kituo kikubwa huko Lwiro, karibu na Bukavu. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi katika eneo hilo, miongoni mwao François Delange na André Ermans, walikwenda Idjwi, kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu.

Walichokikuta kilipingana na mafundisho ya vitabu. Upande wa kaskazini, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi, waliokuwa nalo walikuwa takriban mtu 1 katika kila 20. Hata hivyo, iodi ilikuwa pungufu kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Mwaka 1968 watafiti hao walichapisha hitimisho lao: upungufu wa iodi hufungua mlango wa ugonjwa, lakini si lazima wenyewe uusababishe. Palikuwa na jambo jingine.

Jambo hilo lilitafutwa katika chakula. Mwaka 1971 Delange na Ermans walionyesha kwamba muhogo ulioliwa kisiwani ulizuia tezi isikamate iodi. Si wao pekee waliokuwa na wazo hilo: katika miaka ya 1960 O. L. Ekpechi alikuwa amekwisha kuuhusisha muhogo na rovu katika mashariki ya Nigeria.

3. Chungu kama chumba cha dawa

Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaenea bara hatua kwa hatua. Ndani yake mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho hutoa sumu ya sianidi mmea unapopondwa au kuliwa. Muhogo mchungu unayo kwa wingi kuliko muhogo mtamu. Mwili wa binadamu una njia ya kujikinga: huigeuza sianidi kuwa thiosianati, nayo hutoka katika mkojo. Lakini kinga hiyo ina gharama mbili. Huhitaji salfa itokanayo na protini, yaani samaki, nyama, maharage. Tena, thiosianati hushindana na iodi kwenye mlango wa tezi. Iodi ikiwa nyingi, hushinda. Ikiwa chache, hushindwa.

Kutokana na hayo, watafiti walikuja kusema kwamba cha kupimwa si iodi peke yake wala muhogo peke yake, bali uwiano wa iodi na thiosianati. Maneno hayo ya maabara yana maana ya kawaida kabisa nyumbani. Mama anayeuloweka muhogo wake siku 3, akauanika vizuri, akapika bugali na kuuandalia pamoja na maharage au samaki, amekwisha kufanya sehemu ya kazi ya tabibu. Yule aliyelazimika kuutoa majini baada ya siku 1, kwa sababu ya njaa au ya mnunuzi anayengoja, ameacha sumu katika unga bila kujua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu jimbo la Bandundu la zamani ulionyesha jambo hilohilo: soko la Kinshasa liliwashawishi wakulima kufupisha siku za kuloweka.

4. Hatari ya dawa ya upande mmoja

Tangu miaka ya 1970, wagonjwa wengi wa Idjwi na wa Ubangi, kaskazini-magharibi mwa nchi, walipewa sindano ya mafuta yenye iodi. Sindano moja ilitosha kwa miaka kadhaa, na faida yake kwa wajawazito na watoto ilikuwa kubwa. Lakini sura mbili za historia hiyo zinahitaji kukumbukwa.

Sura ya kwanza inahusu madini yaitwayo seleni. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba watu wa sehemu hizo walikosa seleni pamoja na iodi. Ilionekana jambo la busara kuwapa. Lakini mwaka 1991 B. Contempré na wenzake walitoa onyo: wagonjwa waliopewa seleni kabla ya iodi walizidiwa, na homoni ya tezi ikapungua zaidi katika damu yao. Seleni ilikuwa imeuwezesha mwili kuitumia homoni kwa haraka, ilhali tezi haikuwa na iodi ya kutengeneza nyingine. Kitu chema, kilichokosekana kweli, kilileta madhara kwa kuwa kilitangulia.

Sura ya pili inahusu chumvi. Baada ya mkutano wa dunia kuhusu watoto uliofanyika New York mwaka 1990, mataifa yaliahidi kuondoa upungufu wa iodi, na chumvi yenye iodi ikaenea Zaire, kama nchi ilivyoitwa hadi 1997. Mwaka 1996 P. Bourdoux na wenzake walieleza kwamba huko Kivu baadhi ya watu waliokuwa na rovu la muda mrefu walipatwa na ugonjwa ulio kinyume: tezi iliyozoea njaa ilipokea iodi nyingi kwa ghafla, ikatoa homoni kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hiyo hukonda, hutetemeka, na moyo wake humwenda mbio. Hiyo si hoja ya kuikataa chumvi yenye iodi, ambayo imewaokoa watoto wengi na udumavu. Ni hoja ya kupima kiasi chake, na ya kuwafuatilia wale wanaoipokea.

5. Sumu ileile tumboni

Sumu ya muhogo haiishii kwenye tezi. Mwaka 1938 tabibu Trolli alitoa taarifa ya ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, ambao hupooza miguu kwa ghafla, wala haiponi tena. Huwapata hasa wanawake na watoto katika miezi ya uhaba, wanapokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, bila protini.

Swali lililobaki lilikuwa hili: kwa nini, katika chakula kinachofanana, huyu hupooza na yule hubaki mzima? Mwaka 2021 Matthew Bramble, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walichapisha uchunguzi wa bakteria wa utumbo kwa watu wa Kahemba, Masimanimba na Kinshasa. Waliona kwamba jamii za bakteria hao zinatofautiana, na kwamba baadhi yao wana uwezo wa kuvunja linamarini na kuitoa sianidi ndani ya utumbo wenyewe. Uchunguzi huo haukumaliza mjadala, lakini umeliingiza tumbo katika hesabu.

6. Suala la msamiati

Historia hii inahusu pia wanafunzi wa lugha. Kiswahili kina neno rovu kwa uvimbe, na tezi kwa kiungo, ingawa kamusi nyingine hutumia tezi kwa yote mawili. Mgonjwa anaweza basi kudhani kwamba kuwa na tezi ni ugonjwa. Tanzania huita iodi madini joto, na Wakongo wengi hulifuata neno la Kifaransa.

Lililo zito zaidi ni tofauti ya vitenzi viwili vya jikoni. Kuloweka ni kutia kitu majini, hata kwa saa chache. Kuvundika ni kukiacha siku kadhaa mpaka kigeuke. Mhudumu wa afya anayesema "loweka muhogo" hajataja siku, na siku ndizo zinazoondoa sumu. Anayesema "vundika" ameshataja subira.

7. Hitimisho

Kuutazama mwili mzima kunahitaji kazi nyingi kuliko kuuza kidonge. Katika Idjwi kulihitaji kupima mkojo, udongo, muhogo na damu, na kukubali kwamba jibu la jana halikutosha. Anayetaka kuilinda tezi ya mtoto wa Kivu aanze na chumvi iliyopimwa, muhogo uliovundikwa siku zake, na maharage au samaki kando ya bugali. Naye ayaeleze hayo kwa maneno ambayo mama wa mtoto huyo huyatumia jikoni kwake.