Ngurumo za Nchi ya Shaba: Bendi za Zambia na Suala la Lugha

Walimu wengi wa lugha, wasikiapo gitaa la umeme likinguruma na ngoma zikipigwa kwa kishindo, hulihukumu jambo hilo kwa neno moja: kelele. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya bendi chache za Zambia ambazo katika miaka ya 1970 zilipiga roki nzito, ndugu wa karibu wa muziki uitwao hevi metali. Bendi hizo zilivuma, zikasahauliwa, na katika miaka yetu hii zimesikika tena, tena kwa nyimbo mpya. Sababu ya kuileta habari hii mbele ya walimu wa Kiswahili ni kwamba ndani yake mna swali linalotuhusu: je, lugha ya wimbo ina sehemu gani katika kuamua ni nani atakayeuhifadhi wimbo huo?

Asili ya mngurumo

Muziki huu mzito ulianza kupata umbo lake katika mji wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Mnamo Februari 1970 bendi ya Black Sabbath ilitoa sahani yake ya kwanza. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha mabati, na mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye hubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole na kutumia nyuzi laini zaidi. Baadaye akazilegeza nyuzi hizo, sauti ikawa nzito na ya chini. Basi neno “metali” halikuwa pambo tu kwa vijana wa mji ule. Lilikuwa kazi ya baba zao, na lilikuwa jeraha mkononi.

Kabla ya hapo Jimi Hendrix wa Marekani, aliyefariki mwaka 1970, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi gitaa linavyoweza kukoromeshwa kwa kifaa kidogo kinachokanyagwa kwa mguu. Kifaa hicho huichafua sauti kwa makusudi, mpaka noti moja inakwaruza na kurefuka kama msumeno katika gogo. Sahani za watu hawa zilisafiri mbali. Zilifika pia katika miji ya migodi ya Zambia, na huko zilikuta masikio yaliyo tayari.

Kwa nini Zambia?

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Shaba ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wake, na sehemu kubwa mno ya fedha za kigeni ilitokana nayo. Katika Mkoa wa Copperbelt, yaani Ukanda wa Shaba, miji kama Kitwe, Ndola, Chingola na Mufulira ilikuwa na wafanyakazi wenye mshahara, umeme, kumbi za starehe na vijana waliosoma. Penye mshahara wa kila mwezi hapakosi ngoma mwisho wa mwezi.

Jambo la pili ni siasa. Rais Kenneth Kaunda, ambaye yeye mwenyewe alipenda kupiga gitaa, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Amri hiyo ilikusudiwa kuinua utamaduni wa taifa. Vijana waliitii kwa namna yao: walichukua magitaa ya umeme, wakatunga nyimbo zao wenyewe, na redio ikawa haina budi kuwatafutia nafasi. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa muziki uitwao Zamrock, jina lililounganisha Zambia na roki.

Yafaa kukumbuka pia kuwa mambo haya yalitokea karibu nasi. Nairobi wakati huo ilikuwa na studio na mitambo ya kuchapia santuri, na bendi ya Musi-O-Tunya ni miongoni mwa zile zilizorekodi huko. Kwa hiyo sehemu ya historia hii ya Zambia imeandikwa katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Majina na maana zake

Mwalimu wa lugha atafurahi kuyatazama majina ya bendi hizi. Musi-O-Tunya ni jina la maporomoko makubwa ya mto Zambezi, na maana yake ni “moshi ungurumao”. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua neno “moshi” katika “musi” hiyo. Bendi iliyotaka kupiga muziki wa kishindo ingepata wapi jina bora kuliko hilo? Kiongozi wake mmoja, Rikki Ililonga, alitoa pia sahani yake binafsi mwaka 1975 na kuiita Zambia.

Bendi mashuhuri kuliko zote ni WITCH. Kwa Kiingereza neno hilo ni mchawi, lakini wenyewe walilifafanua kuwa ni herufi za kwanza za maneno yenye maana ya “tunakusudia kuzusha vurugu”. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alipewa jina la utani la Jagari. Asili yake ni Jagger, yule Mick Jagger wa bendi ya Rolling Stones. Tazameni lilivyobadilika: konsonanti ya mwisho imepata irabu ya kuegemea, na jina la Mwingereza likakaa kinywani mwa Mbantu bila kulazimishwa. Ndiyo kanuni ileile iliyotupa sisi “kalamu” na “shati”. Sahani yao iitwayo Introduction, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutajwa mara nyingi kuwa sahani ndefu ya kwanza kutolewa na bendi ya Zambia. Mwaka 1975 walitoa Lazy Bones!!, ambayo ndani yake gitaa hukoroma kwa nguvu kuliko katika sahani zao nyingine nyingi. Mwaka huohuo bendi ya Amanaz ilitoa sahani yake iitwayo Africa.

Mtu wa tatu wa kutajwa ni Paul Dobson Nyirongo, aliyejulikana kwa jina la Paul Ngozi, na bendi yake ya Ngozi Family. Hapa mwanafunzi wetu lazima atahadhari. Kwa Kiswahili ngozi ni kile kifunikacho mwili; kwa Kinyanja ngozi ni ajali au hatari. Paul Ngozi alikuwa hatari kwelikweli jukwaani, na wanasimulia kwamba alizoea kupiga gitaa kwa meno. Muziki wa bendi yake haukuwa na mapambo mengi. Ulikuwa ngoma, besi na gitaa lililochafuliwa sauti, kwa mpigo wa moja kwa moja.

Kuanguka

Kilichojengwa na shaba kilianguka pamoja na shaba. Bei ya madini hayo katika soko la dunia ilishuka sana kuanzia mwaka 1974, na fedha za kigeni zikapungua. Magitaa, spika, nyuzi na sahani tupu vyote vilitoka ng’ambo. Isitoshe, mwaka 1973 mpaka wa Rhodesia ulifungwa, na vita vya ukombozi katika nchi jirani vilileta mashambulizi ndani ya Zambia, giza na amri za kutotembea usiku. Bendi ambayo maisha yake ni usiku huishije katika nchi iliyofungiwa usiku? Bendi nyingine zilijaribu kupiga mchana, lakini mapato yalipungua.

Ladha ya watu nayo iligeuka, disko ikaingia. Jagari aliiacha WITCH katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 na kuwa mwalimu wa muziki. Baadaye alikwenda kuchimba vito. Wenzake waliendelea kwa mtindo wa disko, na mwaka 1984 wakatoa sahani yenye jina la Kuomboka, sherehe ya Walozi ya kuhama bonde linapofurika maji. Kisha likaja pigo kubwa kuliko yote. Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990 uliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Kati ya wapigaji wa awali wa WITCH, Jagari alibaki peke yake. Paul Ngozi alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1989.

Njia mbili za kukumbukwa

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Bendi kadhaa za Zamrock ziliimba zaidi kwa Kiingereza. Tusiharakishe kuzilaumu. Zambia ina lugha nyingi, na redio ya taifa hutangaza kwa lugha saba za nchi pamoja na Kiingereza. Kijana wa Kitwe aliyetaka kusikika Livingstone na Mongu pia aliiona lugha ya kigeni kuwa njia fupi. Hakuwa na lugha moja ya Kiafrika inayovuka mipaka yote ya nchi, neema ambayo sisi wa Kiswahili huichukua kama hewa.

Hata hivyo matokeo yalikuwa tofauti. Paul Ngozi alizidi kuimba kwa Kinyanja cha mitaani, juu ya ndoa, pombe na shida za nyumbani, na akaukaribia mtindo wa kienyeji wa kalindula. Jina lake halikufa nchini. Nyimbo zake ziliendelea kupigwa na kuimbwa na watu wasiojua hata neno Zamrock. WITCH, pamoja na ukubwa wao wa zamani, walififia nyumbani kwao. Waliowatafuta kwanza walikuwa wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani, ambao walilipa fedha nyingi kwa sahani zilizokwaruzika. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya sahani za WITCH na za wenzao. Mwaka 2019 ilitoka filamu juu ya Jagari na bendi yake, iliyoongozwa na Mwitaliano Gio Arlotta.

Mtu atasema: basi Kiingereza ndicho kilichowafungulia dunia. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Mwaka 1977 Ngozi Family walirekodi wimbo uitwao Nizakupanga Ngozi. Mwaka 2024 msanii wa Marekani Tyler, the Creator, alichukua kipande cha wimbo huo, sauti za Kinyanja zikiwemo, akakiweka ndani ya wimbo wake, na mamilioni ya watu wakakisikia. Hawakuielewa lugha, lakini hawakuikimbia. Walimu wenzangu, liandikeni neno hilo ubaoni: ni-za-ku-panga. Kiambishi cha nafsi, cha wakati ujao, cha mtendwa, kisha mzizi, ambao kwa Kinyanja ni kufanya au kutengeneza. Weka “ta” mahali pa “za”, na mwanafunzi wa Kiswahili yuko nyumbani kwake.

Nyimbo mpya za wazee

Habari hii haikuishia kwenye makumbusho. Jagari, akiwa mtu mzima, alikusanya bendi mpya, humo akiwamo Patrick Mwondela aliyepiga kinanda katika WITCH ya miaka ya 1980, pamoja na vijana wa Ulaya. Mwaka 2023 walitoa Zango, yaani mahali pa kukutania, sahani yao mpya ya kwanza baada ya takriban miaka 40. Ndani yake zimo sauti za wanawake, Theresa Ng’ambi na Hanna Tembo, na lugha za Zambia zimepata nafasi pana kando ya Kiingereza. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo, neno la Kinyanja lenye maana ya wakati ujao. Yatazameni majina hayo mawili kando ya ile Introduction ya ujanani. Mzee amerudi na gitaa lilelile linalokoroma, lakini milango ya sahani zake sasa ina majina ya nyumbani.

Katika Afrika Mashariki swali hilohilo limeanza kubisha hodi. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, kwa jina la Duma, walitoa sahani ya muziki mkali mno kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mnyama mwenye mbio. Wenyewe wamelichukua jina katika Kikikuyu, lenye maana ya giza. Mtego wa “ngozi” umerudi kwa sura nyingine.

Wajibu wetu

Mtindo wa muziki husafiri bila pasi, na hakuna wa kuuzuia. Gitaa la Birmingham lilifika Kitwe likawa la Kitwe. Lakini maneno ndiyo yanayompa mtu wa nyumbani sababu ya kuuimba wimbo akiwa jikoni au njiani, wakati sahani imekwisha kuvunjika na bendi imekwisha kuzikwa. Kwa hiyo tusiwafukuze wanafunzi wapendao muziki wa kishindo. Tuwaulize wanaimba nini, na kwa lugha gani, na tuwape darasani muda wa kutunga.

Tena tusiache kazi ya kuhifadhi mikononi mwa wageni peke yao. Katika miji tunayofundisha wapo wazee waliopiga besi, waliochapa matangazo ya dansi, walioweka santuri chini ya kitanda. Wanafunzi wetu waende kwao na daftari, wayaandike majina, miaka na maneno ya nyimbo kama wazee wanavyoyatamka. Kazi hiyo inamfaa mwanafunzi wa kidato, nayo haingoji fedha za ng’ambo. Inawangoja wazee tu, na wao hawatatungoja siku zote.