Uondoaji wa breki za ABS kwenye gari

Uondoaji wa breki za ABS ni kazi ya gereji ambapo mfumo unaozuia magurudumu kukwama huzimwa au kutolewa kabisa, na gari hubaki na breki za kawaida. Gurudumu hukwama linapoacha kuzunguka ilhali gari bado linakwenda. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili huhusu zaidi magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, ambayo taa ya ABS imewaka kwenye dashibodi na bei ya spea ni kubwa.

Katika magari mengi ya kisasa ABS ndiyo pia inayogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa sababu hiyo gari lililotolewa ABS halilingani na gari la zamani lililotengenezwa bila ABS: hukosa hata vali ya kugawa shinikizo ambayo gari la zamani lilikuwa nayo.

Jinsi ABS inavyofanya kazi

Kila gurudumu huwa na sensa inayosoma mwendo wake kupitia pete ya meno au pete ya sumaku. Kompyuta ndogo hulinganisha mwendo wa magurudumu yote. Gurudumu moja likianza kupungua mwendo haraka kupita kiasi, kompyuta huamuru vali zipunguze shinikizo la mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, kisha zilirudishe. Hayo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde moja, na dereva huhisi pedali ikitetemeka mguuni.

Faida kubwa ya ABS ni usukani. Tairi lililokwama huteleza kuelekea kule gari lilikokuwa likienda, hata usukani ukikatwa. Tairi linaloendelea kuzunguka bado linaweza kukata kona, hivyo dereva huweza kukanyaga breki kwa nguvu zote na wakati huohuo kumkwepa mtu, mnyama au gari lililosimama.

Historia

Mifumo ya kuzuia magurudumu kukwama ilianza kwenye ndege. Mfumo wa Maxaret wa kampuni ya Dunlop ulitumika kwenye ndege katika miaka ya 1950, na mwaka 1966 uliwekwa kwenye gari la Jensen FF la Uingereza. Mwaka 1978 kampuni za Bosch na Mercedes-Benz zilitoa mfumo wa kielektroniki wa magurudumu manne, ambao ndio msingi wa ABS ya leo. Baadaye ABS ikawa msingi wa mifumo mingine, kama ile inayozuia gari kupoteza mwelekeo kwenye kona.

Katika mbio za Formula One ABS ilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994, ili udhibiti wa breki ubaki kuwa kazi ya dereva.

Sababu za kuiondoa

Sababu ya kwanza ni gharama. Kifaa kikuu, chenye kompyuta, vali na pampu, ni ghali kikiwa kipya, na cha mtumba huenda kikawa na ubovu uleule. Sababu ya pili ni taa ya onyo, ambayo humsumbua mwenye gari na kupunguza bei anapotaka kuliuza. Sababu ya tatu ni imani kwamba ABS hurefusha umbali wa kusimama kwenye barabara mbovu, imani yenye ukweli kwa sehemu.

Njia zinazotumika

Njia rahisi ni kutoa fyuzi au kuchomoa waya wa kifaa kikuu. Mabomba ya mafuta hayaguswi, na breki hufanya kazi bila msaada wa kompyuta. Taa ya onyo hubaki ikiwaka. Baadhi ya mafundi huitoa taa hiyo au kuiunganisha na taa nyingine, na mnunuzi wa baadaye hawezi kujua kwamba ABS haifanyi kazi.

Njia ya pili ni kutoa kifaa chote na kuunganisha mabomba kutoka masta silinda moja kwa moja hadi magurudumuni. Kazi hii huhitaji mabomba ya chuma yaliyotengenezwa kwa ajili ya breki, yenye midomo iliyopanuliwa kwa kifaa maalumu, kwa kuwa shinikizo ndani yake linaweza kupita mara 100 ya lile la hewa. Masta silinda huwa na njia mbili zinazojitegemea ili moja ikivuja nyingine ibaki. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kila njia huhudumia gurudumu moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili. Njia hizo zikichanganywa wakati wa kuunganisha, mvujo mmoja unaweza kumaliza breki zote.

Madhara

Gari likikanyagiwa breki, uzito huegemea mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Magari ya zamani yalikuwa na vali iliyopunguza shinikizo la nyuma. Kwenye pikapu nyingi vali hiyo ilifungwa karibu na ekseli na kurekebishwa na uzito wa mzigo. Magari mengi yenye ABS hayana vali hiyo kwa sababu kompyuta hufanya kazi yake. Ikiondolewa bila kuweka vali mbadala, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kabla ya yale ya mbele. Hapo nyuma ya gari huzunguka kuja mbele, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Mifumo ya kuzuia kuteleza na ya kusaidia kuondoka mlimani, inayotegemea sensa na vali zilezile, hukoma pia. Katika baadhi ya magari uondoaji hauwezekani bila kubadilisha breki nzima. Toyota Prius, kwa mfano, hutengeneza shinikizo la breki kwa pampu ya umeme iliyounganishwa na mfumo huo.

Lami na changarawe

Kwenye lami, hasa iliyolowa, ABS humsaidia dereva kulielekeza gari. Kwenye changarawe au mchanga uliolegea hali hubadilika: tairi lililokwama husukuma rundo la kokoto mbele yake, na rundo hilo hulisimamisha gari mapema zaidi. Majaribio ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kwenye changarawe iliyolegea ABS ilirefusha umbali wa kusimama kwa wastani wa asilimia 27 hivi.

Gari la mkazi wa Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro, linaweza kukutana na hali zote mbili kwa siku moja. Barabara kuu ya Iringa ni ya lami na hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako wanyama huvuka ghafla. Njia za kupanda Milima ya Uluguru, kama zile za kuelekea Mgeta, zina kona kali na sehemu za udongo zinazoteleza wakati wa masika. Faida ya tairi lililokwama kwenye changarawe hupatikana gari likienda moja kwa moja. Kwenye kona iliyo kando ya bonde, gari lisilofuata usukani hutoka barabarani hata kama lingesimama mapema.

ABS haizuii breki kupata moto kupita kiasi kwenye mteremko mrefu kama wa Mlima Kitonga. Huko kinachosaidia ni mwendo mdogo na gia nzito, gari liwe na ABS au lisiwe nayo.

Hitilafu zinazorekebishika

Taa ya ABS ikiwaka, mara nyingi ubovu hauko kwenye kifaa kikuu. Sababu za kawaida ni sensa yenye uchafu au kutu, waya uliokatika karibu na gurudumu, pete ya meno iliyovunjika na matairi ya saizi tofauti. Beringi yenye pete ya sumaku ikifungwa kinyume, sensa haisomi chochote. Mashine ya kupima huonyesha gurudumu lenye tatizo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu na kutia vali kutu, hivyo watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Taa ya ABS ya rangi ya manjano ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki za kawaida bado zipo. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, huenda mgawanyo wa nguvu ya breki umekoma au mafuta yamepungua, na gari linapaswa kusimamishwa na kukaguliwa.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hukataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake ni ya hatari. Nchini Uingereza, taa ya ABS inayoonyesha hitilafu hutosha kulinyima gari cheti cha ukaguzi wa kila mwaka.

Tazama pia

Breki
Gari
Usalama barabarani
Mkoa wa Morogoro