Nyoka wa Syokimau: Namna ya Kumsaidia Mwenzako katika Historia

Aghalabu kila darasa halikosi mwanafunzi mmoja aichukiaye historia. Hesabu anaiweza, jiografia anaipenda, lakini kitabu cha historia kikifunguliwa uso wake hukunjamana. Hukariri majina na miaka usiku kucha, mithili ya mtu achotaye maji kwa pakacha. Asubuhi ya mtihani hana hata tone. Mwenzako wa namna hii akikujia kuomba msaada, msomaji, usimcheke, wala usimpe orodha nyingine ya miaka. Ugonjwa wake si uhaba wa kumbukumbu. Hajapata kuambiwa kwamba historia ni kazi ya kuuliza, na kwamba yeye naye ana haki ya kuuliza.

Anza na habari iliyo karibu naye. Kama ni mkazi wa Syokimau, katika Machakos, habari hiyo iko mlangoni pake. Mahali hapo pana jina la Syokimau, mwanamke wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri. Husimuliwa kwamba, kabla Wazungu hawajaingia bara, alimwona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji ya mashariki mpaka maji ya magharibi, na watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wachukuao moto mifukoni. Baadaye Wazungu walikuja na viberiti vyao. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Syokimau yenyewe ilipata stesheni mwaka 2012, na mwaka 2017 kituo cha Nairobi cha reli mpya itokayo Mombasa kilifunguliwa huko huko.

Mwenzako atasema, "Basi utabiri ulitimia." Usimkatalie, wala usimkubalie. Mwulize maswali manne, na kila swali umpe nafasi ya kufikiri kabla hujafungua kinywa tena.

Swali la kwanza: ni nani asimuliaye, na alisimulia lini? Syokimau hakutuachia kitabu. Maneno yake yametufikia kwa vinywa vya watu walioishi baada ya reli kuwapo. Mtu aujuaye mwisho wa habari huweza, bila kukusudia, kuunyosha mwanzo wake ulingane na mwisho. Kusema hivi si kuwaita wazee waongo. Ndivyo ilivyo kumbukumbu ya kila mwanadamu. Jina la mahali nalo si shahidi. Linatuonyesha kwamba watu walimheshimu mama huyu, lakini halituambii alisema nini.

Swali la pili: je, habari za reli na viberiti zingeweza kufika Ukambani kwa njia ya kawaida? Hapa mwenzako atapata hamu ya kujua zaidi. Wakamba walikuwa wafanyabiashara mashuhuri wa karne ya 19, wakichukua pembe za ndovu mpaka pwani. Mwaka 1849 mmisionari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa misafara. Na Mombasa ilifanya biashara na Bombay, ambako gari la moshi lilianza kwenda mwaka 1853. Kwa hiyo inawezekana kwamba uvumi ulipanda bara pamoja na nguo na shanga. Mfundishe hapa kulipima neno "inawezekana": si sawa na neno "ni hakika".

Swali la tatu: wengine wanasemaje? Wakikuyu wanamtaja Mugo wa Kibiru, na Wanandi wanamtaja Kimnyole, aliyeuawa na watu wake mwaka 1890. Nao pia wanasimuliwa kuwa walitabiri kuja kwa wageni na reli. Kufanana huku kwaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Huenda habari zilitembea kutoka taifa hadi taifa. Huenda pia watu waliopatwa na msiba mmoja waliusimulia kwa mfano mmoja. Mwache achague, lakini asichague bila kutoa sababu.

Swali la nne ndilo kubwa: habari hii ilikuwa na maana gani kwa walioisimulia? Mwambie akumbuke miaka ile. Reli ilipokuwa ikikata nyika, mwaka 1898 na 1899, njaa kali iliipiga Ukambani na watu wengi wakafa. Machakos, iliyokuwa makao ya wageni tangu mwaka 1889, iliachwa kando na reli, na makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi. Watu walioingiliwa nchi yao bila kuombwa ruhusa, wakasema, "Mama yetu alikwisha kuyaona haya," walikuwa wakisema kwamba hawakukutwa vipofu. Hata kama hatuwezi kuthibitisha kila neno la Syokimau, heshima hiyo ya watu wake ni tukio la historia.

Usidhani kwamba kupima habari hivi ni desturi ya kigeni. Mwafrika wa Tunis, Ibn Khaldun, mwaka 1377 aliandika kwamba mwanahistoria hapaswi kupokea habari kwa sababu tu imepokewa na waliotangulia. Na mwaka 1967 Bethwell Ogot wa Kenya alitoa kitabu juu ya Waluo wa kusini, akithibitisha kwamba simulizi za wazee zikipimwa kwa uangalifu huweza kujenga historia ya kweli.

Mwisho, mwagize mwenzako aandike ukurasa mmoja: anadai nini, ushahidi wake ni upi, na ana hakika kiasi gani. Utaona ya kuwa miaka iliyokuwa ikimponyoka sasa inakaa, kwa kuwa kila mwaka una kazi: 1849 unashuhudia biashara, 1896 unashuhudia reli, 1898 unashuhudia njaa. Na akija na jawabu lisilo lako, lakini lenye ushahidi bora kuliko wako, likubali kwa moyo mweupe. Siku hiyo utakuwa umemfundisha, naye amekufundisha.

Aaminiye kila asikialo huongozwa na kila asemaye. Akataaye kila asikialo huitupa hazina ya wazee wake. Baina ya hao wawili kuna njia nyembamba ya mtu aulizaye. Mshike mwenzako mkono, mwipite pamoja.