Bale ya Anti (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulimwacha wapi Anti?

Gikomba, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, leso kajifunga kiunoni, kisu mkononi. Mbele yake bale, robota la mitumba la kilo 45, limebanwa kwa mikanda ya plastiki hadi likawa gumu kama tofali. Ubavuni limeandikwa namba kwa kalamu nene nyeusi. Alikuwa ameinama kukata mkanda wa kwanza. Mimi nikaandika “itaendelea”, nikaenda zangu kulala.

Najua mlininunia. Mmoja wenu alinikuta stejini Donholm akaniambia mwandishi wa namna hii hafai kupewa hata maji. Haya, nimerudi. Ila kabla kisu hakijagusa mkanda, kuna maiti ya Mzungu lazima tuiangalie.

Ngoja! Usikunje gazeti.

Kumbuka kwanza pesa zenyewe. Anti alilipa elfu kumi na saba, na hazikuwa zake. Ilikuwa zamu ya chama ya jirani yake kule Umoja, na jirani akamwachia kwa ahadi moja tu: Jumamosi jioni zirudi zote mezani. Leo ni Alhamisi.

Karatasi iliyobandikwa juu ya robota inasema “nguo za watoto”, basi. Watoto gani? Wa kubebwa mgongoni ama wa darasa la saba? Zimevaliwa mara mbili, ama zimefuliwa hadi ukiziinua unaona jua upande wa pili? Aliyemuuzia hajui. Aliyelifunga huko ng’ambo pengine alijua, lakini nani atamuuliza?

Bei ya kununua, Anti anaijua hadi shilingi ya mwisho. Bei ya kuuza anaijua Mungu.

Shika maneno hayo vizuri, kwa sababu karibu miaka 300 iliyopita kuna mtu aliyejenga nadharia nzima juu yake. Ndiye maiti wetu.

Jina lake Richard Cantillon, mwana wa Ireland, mwenye benki mjini Paris. Mwaka 1719 Wafaransa walipandwa na wazimu wa hisa za Kampuni ya Mississippi, mradi wa Mskoti mmoja aitwaye John Law. Hisa iliyoanza na livre 500 ikafika karibu 10,000. Watu wakauza walichonacho wazinunue.

Cantillon alifanya nini? Aliwakopesha pesa wanunue, na hisa zenyewe zikabaki kwake kama rehani. Kisha, kimyakimya, akaziuza zikiwa bado juu. Mwaka 1720 bei ikaanguka kama embe bovu. Akawageukia wadeni wake: nilipeni deni langu.

Alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua. Hilo nalo liweke mfukoni, tutalihitaji kabla ya mwisho.

Kesi zilimwandama miaka mingi. Halafu usiku mmoja wa Mei 1734, nyumba yake ya mtaa wa Albemarle, London, ikashika moto. Ndani ukakutwa mwili umeteketea. Watumishi wakashtakiwa kwa mauaji, wakaachiliwa. Mpishi aliyekuwa amefutwa kazi akashukiwa, lakini alikuwa ametoweka na hakupatikana kamwe.

Imekwisha? Ungependa iishe!

Miezi michache baadaye, ng’ambo ya bahari, kule Suriname, akatokea mgeni anayejiita Chevalier de Louvigny. Katika mizigo yake mlikuwa na rundo la karatasi. Karatasi za nani? Za Cantillon.

Sasa niambie wewe: aliyeungua Albemarle alikuwa nani?

Tutarudi. Mtu mmoja amenivuta shati.

Ni kijana wa mkokoteni aliyetuletea robota kutoka bohari. “Mami, nipe yangu nisonge, kuna mzigo mwingine unaningoja.” Anti akampa mia mbili. Kijana hakulitazama robota mara ya pili. Ndani muwe na dhahabu ama matambara, mia mbili yake iko pale pale.

Cantillon angesimama hapo akatikisa kichwa kwa furaha. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, yeye akiwa kaburini miaka 21 (ama popote alipokuwa), kisha kikasahauliwa hadi mwaka 1881 Mwingereza William Stanley Jevons alipokifukua. Humo Cantillon anawagawa watu wasio na mashamba mafungu mawili. Wapo wenye malipo yanayojulikana: jenerali na mshahara wake, mtumishi na ujira wake. Na wapo wanaonunua kwa bei inayojulikana wakauze kwa bei isiyojulikana. Hawa wa pili akawaita kwa neno ambalo sisi tunalitafsiri wajasiriamali.

Na hakuwachagua kwa suti. Amemtia humo muuza duka, amemtia fundi, amemtia mbeba maji. Ndiyo, mbeba maji! Yule anayesukuma mitungi Majengo bomba likikauka, ambaye hajui kama atakuta foleni ya wateja ama mvua. Mpaka ombaomba na mwizi wamo. Hawana mshahara, wanaishi kwa kubahatisha.

Nakiri Kiswahili kimenifurahisha hapa. Wafaransa wana neno linalomaanisha mtu anayeishika kazi. Sisi tumesema “jasiri”, tukaongeza “mali”. Aliyelibuni neno hili lazima aliwahi kusimama mbele ya kitu ambacho hakijafunguliwa. Ingawa Gikomba, nikwambie ukweli, ukimwita Anti mjasiriamali atadhani unataka kumuuzia semina.

Kisu kimegusa mkanda.

Mara Anti akakiinua tena. Anatazama upande wa mtoni.

Unajua anachokitafuta? Moshi. Hata akinunua nyanya hutazama kwanza upande ule. Tarehe 28 Juni 2018 soko hili liliungua usiku na watu 15 wakafa. Kibanda cha Anti kilikuwa upande ulioungua. Aliamka Alhamisi kama hii akiwa na marobota manne, na jua lilipochomoza akawa na funguo za kufuli ambayo haikuwepo tena.

Gikomba imeungua mara nyingi, hata watu hawaulizi tena kama itaungua.

Mwamerika Frank Knight aliandika kitabu mwaka 1921 ambacho mimi ningekiweka karibu na kila kibanda hapa. Alitenga vitu viwili tunavyovichanganya. Kuna hatari inayohesabika. Mama wa mayai anajua kwamba katika trei kadhaa kutakuwa na mayai yaliyopasuka. Anaiweka hasara hiyo kwenye bei na analala usingizi. Knight mwenyewe alitoa mfano wa chupa za shampeni zinazopasuka kiwandani: ukishajua ni ngapi kwa mia, hasara imekuwa gharama kama gharama nyingine.

Kisha kuna mashaka yasiyohesabika. Hayana “ngapi kwa mia”. Jambo lenyewe ni la mara moja, na mtu anabaki na akili yake na moyo wake tu. Faida, alisema Knight, inatoka hapa. Kingekuwa kitu cha kuhesabika, kila mtu angekihesabu, washindane, na faida iyeyuke.

Sasa bale ya Anti ni ipi? Yai ama giza?

Kwa mwenye bohari anayeshusha kontena nzima, nadhani ni yai. Moja likiwa bovu, jingine litamfidia. Kwa Anti mwenye robota moja na Jumamosi moja, ni giza tupu. Robota ni lile lile! Mkubwa anakula usingizi kwa sababu ana mengi, mdogo anakesha kwa sababu ana moja. Hilo vitabu hulipitia kwa haraka mno kwa maoni yangu.

“Anti, kata basi,” nikasema.

“Wee mtoto, una haraka ya nini? Pesa ni zako?”

Nikanyamaza. Wanawake wanane ama tisa walikuwa wamekwisha kutuzunguka, mikono tayari. Hao ni wa kamera, wanaowahi vipande vya kwanza vilivyo safi, wavipeleke kwenye maduka yao mjini. Wakishachagua wao huja wa pili, na wa mwisho kabisa hubakiwa na fagia, zile za kumwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya chai.

Nyuma yao fundi wa cherehani kakaa anangoja za kupunguza. Pembeni yake mwenye pasi ya makaa, na wa pasi anamtegemea muuza hanga. Hakuna aliyeajiriwa na mwenzake. Mwaka 1937 Mwingereza Ronald Coase aliuliza swali lililoonekana la kitoto: kama soko linaweza kila kitu, kampuni zipo za nini? Akajibu kwamba kumtafuta mtu, kupatana naye na kumwamini kuna gharama, na gharama ikizidi ni nafuu umwajiri. Hapa gharama ya kumtafuta fundi ni kuita mara moja, “Fundi!” Ndiyo maana kiwanda kizima kimekaa chini ya turubai moja na hakina mkurugenzi.

Wiki jana niliwaahidi mtu mmoja, mnakumbuka? Nilisema ni mwanafunzi wa mwalimu mkubwa kuliko wote katika mambo haya, na kwamba alifika Nairobi.

Hans Singer. Kijana wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, aliyesoma Bonn kwa Joseph Schumpeter, yule aliyemfanya mjasiriamali kuwa shujaa wa uchumi: mtu anayeunganisha vitu vya zamani kwa namna mpya na kuyavunja mazoea. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Singer akakimbia, akaishia Cambridge kwa mwanauchumi Keynes. Mwaka 1972, pamoja na Richard Jolly, akauongoza ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani hapa Kenya.

Wakati huo askari wa baraza la jiji walikuwa wakibomoa vibanda na kuwakimbiza wachuuzi. Ripoti ya akina Singer ikasema kinyume: hawa si wavivu wanaongoja kazi, wanafanya kazi na inalipa, acheni kubomoa, legezeni leseni. Kutoka hapo jina “sekta isiyo rasmi”, ambalo mtafiti Keith Hart alikuwa amelitumia kuhusu Ghana, likazunguka dunia. Mwaka 1985 Rais Moi mwenyewe alifika hapo Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, akaahidi kuwajengea mabanda.

Lakini sikiliza jambo linalonikosesha usingizi. Schumpeter alishikilia kwamba mjasiriamali, kama mjasiriamali, habebi hatari yoyote. Anayeibeba ni mwenye pesa.

Hebu rudi nyuma. Pesa ni za nani?

Za jirani wa Umoja! Mama wa watoto watatu, aliyelala usingizi wake akijua Jumamosi ni yake. Kwa hesabu ya Cantillon aliye hatarini ni Anti. Kwa hesabu ya Schumpeter ni mwanamke ambaye hata hajaliona robota. Na mimi niliyekaa naye meza moja Jumapili nikala chapati zake, nilikuwa nikijua haya yote.

Kisu kikapita.

Mkanda wa kwanza ukaruka kwa mlio kama kofi. Robota likavuta pumzi, likavimba upande mmoja. Wanawake wakasogea. Anti akaingiza mkono kwenye ule mwanya, akapapasa, akavuta. Kikatoka kipande kimoja, polepole, kama kinakataa.

Akakiinua.

Hakikuwa cha mtoto. Lilikuwa koti zito la mtu mzima, la baridi ya nchi za watu, mikono yake imefika chini. Kelele zikakatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele kabisa akarudisha mguu nyuma. Anti hakusema neno. Alikuwa anahesabu, na nilijua anahesabu siku: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

“Mama.”

Sauti ilitoka nyuma ya fundi. Mwanamume wa makamo, kofia ya sufi, viatu safi mno kwa matope yale. Hakuwa akilitazama koti. Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa robota, kidole kwenye ile namba ya kalamu nyeusi, anaisoma mara ya pili.

Akasimama, akajipangusa magoti.

“Rudisha hilo koti ndani. Usikate mkanda wa pili. Nakupa elfu ishirini na mbili, sasa hivi, na silifungui hapa.”

Elfu tano juu! Deni la jirani limelipwa, nauli imo, na Jumamosi imefika kabla ya wakati wake. Unangoja nini, Anti?

Lakini mtu gani anunue giza kwa bei ya juu, baada ya kuona lililotoka? Ile namba inasema nini?

Anti akanitazama. Kisha akakitazama kisu, akafungua mdomo.

Itaendelea Jumamosi ijayo. Nayo habari ya aliyebeba karatasi hadi Suriname, sijaisahau.