Martin Bakole: Mkongomani anayeitwa wa mwisho



Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2025, kila tunapogusa mchezo wa ngumi katika kipindi chetu cha redio hapa Kindu, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Bakole alikula pesa, ao alidhulumiwa?" Anayepiga simu kutoka Kasuku anasema alikula pesa. Anayepiga kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, anasema alidhulumiwa. Dakika za redio hazitoshi kumaliza ubishi huo. Ndiyo maana leo ninaandika, na ili tuelewane tutapita kwa wapinzani wake mmoja mmoja, kwa sababu historia ya bondia imeandikwa katika majina ya watu aliokutana nao.

Kwanza tukumbushane kilichotokea. Tarehe 22 Februari 2025, mjini Riyadh, Saudi Arabia, Daniel Dubois wa Uingereza, bingwa wa IBF wa uzito wa juu, alitakiwa kupigana na Joseph Parker wa New Zealand. Siku mbili kabla ya pambano Dubois akaugua. Waandalizi wakatafuta mtu wa kujaza nafasi, na simu ikamfikia Martin Bakole, aliyekuwa hapa nyumbani Kongo. Akaitika. Akapanda ndege, akafika Riyadh usiku wa kuamkia siku ya pambano. Kwenye mzani alikuwa na ratili 315, karibu kilo 143. Katika raundi ya pili Parker akamwangusha, na kazi ikaishia pale.

Wengi wetu tuliona dakika hizo chache kwenye simu, tukacheka ao tukakasirika, tukaenda kulala. Lakini dakika hizo haziwezi kueleweka bila miaka iliyotangulia.

Ndugu wawili, barabara mbili

Bakole ni mdogo wake Ilunga Makabu, yule mzaliwa wa Kananga aliyeleta mkanda wa dunia nchini. Makabu hakuanza vizuri. Mwaka 2008, huko Afrika Kusini, alipoteza pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa. Wengine wangerudi nyumbani. Yeye akabaki, akashinda mfululizo kwa miaka, hadi akapata nafasi ya mkanda wa WBC wa uzito wa kruza, ulio chini kidogo ya uzito wa juu.

Nafasi hiyo ilikuja tarehe 29 Mei 2016, lakini ilikuja Liverpool, nyumbani kwa mpinzani wake Tony Bellew, katika uwanja wa Goodison Park, uwanja wa timu ambayo Bellew aliipenda tangu utoto. Makabu alimwangusha Bellew katika raundi ya kwanza. Katika raundi ya tatu akaangushwa yeye, na mkanda ukabaki Liverpool.

Ilibidi angoje karibu miaka minne. Mwaka 2019 alikwenda Urusi akamsimamisha Dmitry Kudryashov, kisha akamshinda Aleksei Papin kwa pointi. Tarehe 31 Januari 2020, pambano la mkanda likaletwa Kinshasa. Safari hii mgeni alikuwa Michal Cieslak wa Poland, na mwenyeji alikuwa Makabu. Akashinda kwa pointi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo akautetea mkanda mjini Kinshasa dhidi ya Olanrewaju Durodola wa Nigeria, akamsimamisha katika raundi ya saba. Mkanda huo aliupoteza baadaye Saudi Arabia, Februari 2023, mbele ya Badou Jack. Nyumbani aliutwaa na kuutetea. Ugenini ulimkimbia.

Mdogo mtu hakupata usiku kama ule wa Kinshasa. Bakole aliweka makao yake Airdrie, mji mdogo wa Uskoti karibu na Glasgow, chini ya mwalimu Billy Nelson. Mkongomani peke yake katika mji wa baridi, hana umati wa kumnunulia tiketi, hana televisheni ya nchi yake ya kumlipia. Bondia wa namna hiyo ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuwasaidia mabingwa kufanya mazoezi, na Bakole alikuwa mmoja wa watu walioingia ulingoni na Anthony Joshua kwa kazi hiyo. Ya pili ni kungoja. Katika ngumi kuna vibarua kama kwenye bandari: wanakaa pembeni hadi msimamizi aite jina.

Wapinzani wake wanatuambia nini

Kipigo chake cha kwanza alikipata tarehe 13 Oktoba 2018, katika ukumbi wa York Hall, London. Mpinzani alikuwa Mmarekani Michael Hunter, aliyepanda kutoka uzito wa kruza, ambako Oleksandr Usyk peke yake ndiye alikuwa amemshinda. Hunter alikuwa mwepesi kuliko Bakole, lakini alikuwa na mapafu. Bakole alichoka, na katika raundi ya kumi, ya mwisho, mwamuzi akasimamisha. Tukumbuke usiku ule: tangu hapo ilijulikana kwamba mlango wa kumwingilia Bakole ni pumzi.

Hakuna aliyemngojea kwa maua baada ya hapo. Mwaka 2019 alikwenda Poland kupigana na Mariusz Wach, mtu wa urefu wa zaidi ya mita mbili, ambaye mwaka 2012 alimaliza raundi 12 na Wladimir Klitschko bila kuangushwa. Bakole alimsimamisha katika raundi ya nane. Mwaka 2020 akamshinda kwa pointi Sergey Kuzmin wa Urusi. Hizo zilikuwa kazi za kurudisha jina, na alizifanya.

Kisha ikaja Paris, tarehe 14 Mei 2022. Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki wa Rio 2016, hakuwa amepoteza pambano hata moja la kulipwa. Yoka ni Mfaransa, lakini baba yake ametoka Kongo, kwa hiyo usiku ule mtoto wa Kongo alikutana na mtoto wa Kongo, mmoja na ukumbi mzima nyuma yake, mwingine na watu wachache wa kona yake. Bakole alimwangusha Yoka mara mbili. Jaji mmoja aliona sare, wawili wakampa Bakole ushindi. Waliomleta Paris walitaka mtu wa kumpandisha Yoka ngazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji hakupona.

Tarehe 28 Oktoba 2023, Riyadh, alimsimamisha Carlos Takam katika raundi ya nne. Ni usiku ule ule ambao Francis Ngannou wa Kamerun alimwangusha Tyson Fury, ndiyo maana wengi hawakumkumbuka Bakole. Kwa Takam nitarudi.

Halafu Los Angeles, tarehe 3 Agosti 2024. Wamarekani walikuwa na kijana wao, Jared Anderson wa Toledo, Ohio, mapambano 17 na ushindi 17, ambaye walisema ndiye atakayerudisha uzito wa juu Amerika. Bakole alipanda mzani na ratili 284 hivi, karibu kilo 129. Alimwangusha Anderson katika raundi ya kwanza, akamrudia katika raundi ya tano hadi mwamuzi akaingilia. Sasa alikuwa na ushindi 21 na kushindwa mara moja.

Baada ya ushindi kama huo ungefikiri simu italia kila siku. Lakini katika ngumi, bondia mwenye nguvu na asiye na watu nyuma yake ni hasara kwa mpinzani: ukimshinda hupati sifa nyingi, akikushinda umepoteza kila kitu. Kwa hiyo mabingwa wanatafuta mwingine. Ikapita miezi sita na nusu. Simu ilipolia, ilikuwa ni ile ya Riyadh, siku mbili kabla.

Mwezi, siku kumi na mbili, siku mbili

Sasa nirudi kwa Takam. Tarehe 28 Oktoba 2017, yaani miaka sita kamili kabla ya kukutana na Bakole, Takam naye aliingia Cardiff kupigana na Anthony Joshua kwa kujaza nafasi ya mtu mwingine. Kubrat Pulev alikuwa ameumia, na Takam akaitwa zikiwa zimebaki siku kama 12. Lakini aliambiwa mapema akae tayari, akawa anafanya mazoezi. Alifika raundi ya kumi kabla mwamuzi hajasimamisha.

Mwaka 2019 Joshua huyo huyo alitakiwa kupigana New York na Jarrell Miller. Miller akakutwa na dawa zilizokatazwa. Nafasi yake ikajazwa na Andy Ruiz, aliyekuwa ametoka kupigana Aprili na akapewa karibu mwezi mmoja. Tarehe 1 Juni Ruiz alimwangusha Joshua mara nne, akamsimamisha katika raundi ya saba, akaondoka na mikanda.

Weka watatu hao kando kando. Aliyepewa mwezi alikuwa bingwa. Aliyepewa siku 12 alifika raundi ya kumi. Aliyepewa siku mbili alifika raundi ya pili. Sisemi kwamba siku peke yake ndizo zinapigana. Parker ni bingwa wa zamani wa WBO, alikuwa tayari, na naye alikubali kubadilishiwa mpinzani dakika za mwisho, jambo ambalo wengine wangelikataa. Alishinda kwa haki. Lakini Bakole wa Los Angeles na Bakole wa Riyadh walitofautiana kwa kilo kama 14, na hakuna mwalimu duniani anayeweza kuziondoa kilo hizo ndani ya ndege.

Kinshasa walingoja

Kuna jambo moja ambalo sisi Wakongomani tunapaswa kulijua kuliko wengine wote. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974. Foreman alipasuliwa juu ya jicho katika mazoezi. Walifanya nini? Walingoja. Rais Mobutu, waandalizi, televisheni, waandishi kutoka dunia nzima, wote waliahirisha kwa wiki tano hadi jeraha lilipopona. Pambano likafanyika tarehe 30 Oktoba, saa kumi za usiku saa za Kinshasa, saa kumi na moja za alfajiri hapa Kindu, kwa sababu huo ndio wakati uliowafaa watazamaji wa Amerika.

Ulingo ulikuwa wetu, lakini saa ilikuwa ya wengine. Na jicho la bingwa lilingojewa zaidi ya mwezi. Miaka 50 baadaye bingwa mwingine akaugua, na safari hii tarehe haikusogezwa, kwa sababu usiku ule ulikuwa na mapambano mengine makubwa na tiketi zilikuwa zimeuzwa. Badala ya kusogeza tarehe, wakasogeza mtu. Mtu huyo akatoka kwetu.

Jibu langu

Kwa hiyo, alikula pesa? Alilipwa, kama kila bondia anavyolipwa, na hakuna aliyemfunga kamba kumpandisha ndege. Alikuwa na sababu: angemshinda Parker, angechukua nafasi ya Parker kwenye mstari wa mabingwa, nafasi ambayo kwa miaka hakuna aliyekubali kumpa kwa njia ya kawaida. Bondia wa miaka thelathini na kitu hana simu nyingi za kukataa.

Alidhulumiwa? Sehemu ya lawama ni yake. Mtu ambaye kazi yake ni kungoja kuitwa hana ruhusa ya kuachia mwili hadi kilo 143. Hunter alikuwa ameshamfundisha mwaka 2018 kwamba adui yake ni pumzi. Hilo ninawaambia hata wale wanaompenda.

Lakini wale wanaosema kwamba Riyadh ilionyesha Bakole si kitu, nawaomba waangalie kilichofuata. Tarehe 3 Mei 2025, wiki kumi baadaye, alirudi Riyadh kupigana na Efe Ajagba wa Nigeria. Alipewa muda, na wakamaliza raundi zote kumi, majaji wawili wakaona sare. Haukuwa ushindi, lakini hakuwa yule mtu wa Februari.

Ninaandika haya nikiwafikiria vijana wanaopiga gunia la mchanga hapa Kindu, ambao baadhi yao wananiuliza njia ya kufika Afrika Kusini ao Ulaya. Njia ipo, ndugu hawa wawili wameipita. Ila muulizeni anayewaita: nitapata wiki ngapi za mazoezi, nani atalipa mwalimu wangu, na mpinzani amejua tarehe tangu lini? Na kwa wakubwa wetu wa michezo: Makabu alipopiganishwa Kinshasa, alishinda mara zote mbili akiwa bingwa ao akiutafuta ubingwa. Bakole hajawahi kupewa usiku wa mkanda nyumbani. Kabla hatujamcheka kwa simu aliyoipokea, tujiulize kwa nini simu hiyo haikutoka kwetu.